Anzia Kwenye Foleni ya Maji

Wanaotaka kuanza kufuata njia ya Buddha hapa mtaani Pipeline, Nairobi, huniuliza sana swali hili: nitatafakarije na sina pa kukaa? Chumba ni kimoja kimegawanywa kwa pazia, jirani amefungulia muziki, watoto wanakimbizana kwenye korido, na chini makanga wanaita abiria wa tao. Ni swali la haki, ila limeanzia katikati.

Buddha alipowafundisha watu wenye familia na kazi zao kaskazini mwa India, miaka kama 2,500 iliyopita, mara nyingi alianza na utoaji, kisha mwenendo. Mwenendo wenyewe ni maagizo matano: kutoua, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Unajitwika mwenyewe, hakuna anayekushurutisha. Ukiteleza leo, kesho asubuhi unajitwika tena.

Basi anzia kwenye bomba la ploti. Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, mitungi hupangwa mstari kutoka bombani hadi kwenye ngazi. Mama mwenye mtoto mgongoni amechelewa. Wewe waweza kuusukuma mtungi wako mbele kwa mguu, kimyakimya, au kumwapia msimamizi kwamba uko pale tangu alfajiri. Agizo la pili na la nne yanakungoja hapo hapo. Ukimwachia mama yule zamu yako, umetoa, na mfuko wako haujaguswa.

Utoaji wa maji una mfano mwingine: Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyepata utawa mwaka 2002 huko Marekani, alirudi nyumbani akaanzisha Kituo cha Wabudha cha Uganda karibu na Entebbe mwaka 2005. Majirani wa kituo, ambao wengi wao si Wabudha, huchota pale maji safi ya kisima. Nakipenda kisima hicho kuliko mahubiri mengi.

Kukaa kimya kunafuata. Usiku keti kitandani, mgongo wima, simu mbali. Fuata pumzi puani ikiingia, ikitoka. Muziki wa jirani ukikuvuta, tambua kwamba unasikia, urudi kwenye pumzi. Hasira ikipanda, tambua kwamba ipo, urudi tena. Anayengoja Pipeline inyamaze hataanza kamwe. Lakini aliyemdhulumu mwenzake mchana atakuta jambo hilo limeketi naye pale kitandani, linamtetea na kumshtaki kwa zamu, na pumzi haionekani. Ndiyo maana nasisitiza mwenendo utangulie.

Wiki hii shikeni agizo la nne peke yake, na simu ikiwemo. Usiseme umefika Donholm na bado unafunga viatu mlangoni. La tano nitaliandikia wiki ijayo kwa kirefu, kwa ajili ya wale mlioniambia, kwa uchungu, jinsi pombe inavyomaliza mshahara wa nyumba zenu.