Mandhari ya Jukwaani Mbele ya Shutuma ya Plato

Plato hakuwaamini wachoraji. Katika kitabu cha 10 cha Jamhuri, anauweka uchoraji wa mwanga na vivuli kundi moja na fimbo inayoonekana imepinda ikiwa majini. Vyote viwili, asema, hutumia udhaifu wa macho yetu, na kinachotuokoa ni kupima, kuhesabu na kutia mizani. Shutuma hii inaigusa mandhari iliyochorwa jukwaani kuliko kazi nyingine yoyote ya brashi, maana jumba lake la kifalme ni turubai, na msitu wake ni mbao zilizopakwa rangi. Hata hivyo, naona Plato alikosea, na ushahidi unatoka Athens kwenyewe. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anasimulia kwamba Agatharchus alichora jukwaa siku za tanzia za Aeschylus, akaandika maelezo ya kazi hiyo, nayo yakawafanya Democritus na Anaxagoras waandike jinsi mistari inavyopaswa kufuata njia ya macho, ili ukuta bapa uonyeshe majengo ya mbali na ya karibu. Basi jukwaa liliwapa wanafalsafa swali la kuchunguza. Kupima na kuhesabu, dawa ile ya Plato, mchoraji alikuwa navyo mkononi kabla hajachovya brashi.

Atakayemtetea Plato atajibu kwamba hesabu ni za mchoraji, ilhali mtazamaji hutekwa tu. Pingamizi hili ni zito. Lakini kutekwa moyo na kudanganywa ni mambo mawili, kwa kuwa mwongo huficha anachokifanya. Mwaka 1816, mjini Berlin, Karl Friedrich Schinkel alibuni mandhari ya Malkia wa Usiku kwa ajili ya opera ya Mozart, Die Zauberflöte: kuba la buluu lenye nyota zilizopangwa safu safu, na malkia amesimama juu ya mwezi mwandamo. Hakuna mwenye macho anayedhani mbingu hupanga nyota zake hivyo. Picha ile inasema usiku ni dola yenye mtawala, kisha hadithi inafichua kwamba mtawala huyo, aliyeonekana mama mwenye uchungu, ndiye adui. Mtazamaji aliyeustaajabia uzuri wa kuba analazimika kuuhoji, na kuhoji huko ni kazi ya akili ileile ambayo Plato aliihofia isilale.

Kuna shutuma nyingine, nami naiona kali zaidi. Katika kumbi za watawala wa Italia, karne ya 17, mistari ya mandhari ilikaa sawa kwa ukamilifu kutoka kiti cha mtawala tu. Waliokaa pembeni waliona nguzo zimekwenda mshazari. Ukweli ulipangwa kwa ajili ya mtu mmoja, na dhuluma hiyo siitetei. Ila aliyeketi pembeni aliona jambo ambalo kiti cha mtawala kilimficha mwenyewe: kwamba jumba lile lililochorwa lilisimama wima kwa sababu ya mahali alipokaa mtawala.