Je, Yafaa Kuvua Samaki kwa Furaha Tu?

Mtatuwia radhi tukianza na habari ya aibu yetu wenyewe. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei tulitoka Kitete alfajiri kwa baiskeli, tukashika njia ya kaskazini hata bwawa la Igombe, tukiwa na ufito, uzi, ndoana mbili, na nyungunyungu katika kopo. Hatukuwa na njaa. Nyumbani tuliacha unga na maharage, na mshahara wa mwezi ulikuwa haujaisha. Tulikwenda kwa sababu juma zima tulikuwa tumekaa katika vumbi la chaki na kelele za watoto, na moyo ulitaka maji.

Tukaketi. Ukungu ulikuwa haujainuka, na majani marefu ya kando yalikuwa yameinama kwa umande. Mdiria alikaa juu ya kijiti kikavu, akatumbukia, akarudi na kisamaki mdomoni kabla hatujakamilisha kupumua. Hata jua lilipopanda tukamvuta perege mmoja, si mkubwa kuliko kiganja. Tulimtoa ndoana, mdomo wake ukachanika kidogo. Tukamgeuza-geuza ili tuone rangi zake, kisha tukamrudisha majini. Tulijiona watu wema sana.

Karibu nasi mzee mmoja alikuwa akishona wavu wake. Akasema, "Mwangaluka, mwalimu. Huyo uliyemtupa utamla lini?" Tukamjibu kwamba sisi twavua kwa kupumzika tu, hatutafuti kitoweo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi umemwumiza bure," akarudia wavu wake.

Mzee yule si mtu wa maneno mengi. Miaka ya zamani, Ugalla ilipokuwa pori la akiba, alikuwa akiingia huko kwa kibali wakati wa kiangazi, mto unapokatika na kubaki madimbwi, akavua kambale na kurina asali. Mwaka 2019 Ugalla ikafanywa hifadhi ya taifa, naye akarudi kwenye maji ya karibu na mji. Kwake yeye samaki ni karo ya mjukuu na mafuta ya taa. Tulirudi Kitete na neno lake likitufuata njia nzima.

Swali hili si geni duniani. Mwaka 1653 Mwingereza Izaak Walton alitoa kitabu cha kusifu uvuvi wa ndoana, akiuona kuwa burudani ya mtu mwenye kutafakari. Zaidi ya miaka mia moja na hamsini baadaye mshairi Byron akamlaumu katika utenzi wake wa Don Juan, akamwita mkatili. Waingereza walioupenda mchezo huo hawakuuacha kwao. Mwaka 1905 mayai ya samaki aitwaye trauti yalitoka Scotland yakafikishwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua nchini Kenya. Na baadaye samaki hao wakatiwa pia katika vijito vya Kilimanjaro na vya nyanda za juu za Mbeya. Kwetu Unyamwezi hawezi kuishi, maana ataka maji ya baridi yaendayo mbio. Walioleta trauti hawakumleta kwa sababu watu walikosa chakula. Walimleta ili mtu apate kusimama katika kijito cha mlimani asubuhi na kufurahi. Hatuwacheki. Asubuhi ile Igombe tulikuwa watu wa namna moja nao.

Wako wasemao kwamba samaki hasikii maumivu, kwa hiyo hapana kosa. Jibu hili lilitupendeza mpaka tuliposoma kwamba mwaka 2003 wataalamu huko Scotland walimchunguza trauti yuyo huyo. Walikuta kichwani mwake mishipa ya fahamu ipokeayo maumivu. Wengine walipodungwa sumu ya nyuki midomoni, walikataa chakula kwa saa kadhaa. Sasa, mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa sumu ya nyuki ni nini! Ikiwa hatuna hakika kamili samaki aona nini ndani yake, twajua ya kutosha kutuzuia kumfanya kitu cha kuchezea.

Basi, mtu atauliza, kwa nini usiende bwawani mikono mitupu, ukatazame ndege na ukungu? Tulijaribu. Twakiri kwamba baada ya nusu saa tulikuwa tukifikiri madaftari yasiyosahihishwa, na kabla ya saa tatu tulikuwa njiani kurudi. Kumbe uzi ule ndio uliotufunga sisi, si samaki. Avuaye hana budi kujua upepo watoka wapi, kivuli chake chaangukia wapi, maji yametulia au yametetemeka; naye mdiria tulimwona kwa sababu tulikuwa tukimwonea wivu. Mwenye kutazama tu hapungukiwi na kitu asipotazama vema. Mwenye kutaka kitoweo hupungukiwa.

Kwa hiyo twaona kwamba mzee hakutukataza furaha. Yeye naye hufurahi. Tulimsikia akiimba taratibu alipokuwa akivuta wavu. Lakini furaha yake yatoka katika kazi ambayo samaki hafi bure ndani yake, na yetu ilikuwa imekatwa kutoka kazi hiyo, ikabaki maumivu ya mwingine na raha yetu. Kumrudisha perege majini, jambo tuliloliona kuwa huruma, ndilo lililoondoa haki yetu ya kumvuta.

Sasa twaenda Igombe mara moja kwa mwezi. Twavua wawili, au watatu wakija wageni, wa kutosha sufuria. Wakipatikana mapema twazungusha uzi kwenye kijiti na kuketi mpaka jua likali. Vijana wa pale hutucheka, wakisema mwalimu amechoka upesi. Mzee hacheki, juzi alisogea, akatazama ndani ya kikapu chetu, akatuuliza kama nyumbani tunayo chumvi.