Orpa Alikosa Nini?

Riwaya ya Kikristo ya kihistoria inapenda sana madada. Huchukua wasichana wawili wa tumbo moja na kuwaweka katika wakati mgumu, labda vita, labda njaa, labda safari ya kuhamia nchi ya mbali. Mmoja ana imani thabiti, mwingine ana moyo unaoyumba. Wanatengana, wanaumizana, na kabla ya ukurasa wa mwisho wanakutana na kusameheana kwa machozi. Sisemi haya kwa dharau. Nimesoma riwaya kadhaa za aina hii, zilizotoka Marekani na kupita mikono mingi hadi kufika kwetu Koboko zikiwa hazina tena majalada, na moja niliimaliza kwa usiku mmoja kwa tochi ya simu. Lakini kila nikimaliza hubaki na swali moja kuhusu yule dada wa pili, yule ambaye hakufuata. Alikosa nini hasa?

Swali hili ni la zamani kuliko riwaya. Katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Ruthu, wanawake watatu wajane wamesimama njiani wakitoka Moabu: Naomi na wakwe zake wawili, Orpa na Ruthu. Naomi anawaambia warudi, kila mmoja kwa mama yake. Wote wawili wanalia. Wote wawili wanakataa. Naomi anasisitiza, na hapo Orpa anambusu mkwewe na kurudi, Ruthu anang'ang'ania. Baada ya hapo Orpa hasikiki tena. Ruthu amepewa kitabu chenye jina lake, amepewa mahubiri ya harusi, amepewa majina ya mabinti wengi katika parokia zetu. Francine Rivers, mwandishi wa Marekani, alimwandikia kisa kizima katika mfululizo wake kuhusu wanawake watano wa ukoo wa Yesu. Orpa hata jina halikumkalia vizuri. Mtangazaji Oprah Winfrey alipewa jina hilo alipozaliwa, watu wakashindwa kulitamka, herufi zikabadilishana nafasi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba hawa hawakuwa dada, walikuwa wake wa ndugu wawili. Kwetu wanawake wa namna hiyo hukaa boma moja na kuleleana watoto, kwa hiyo hoja hiyo hainisumbui. Tena walimu wa kale wa Kiyahudi walikwisha kuwafanya dada wa damu, mabinti wa Egloni, mfalme wa Moabu. Nao hawakuishia hapo. Walisema kwamba kutoka kwa Orpa ndiko alikotoka Goliathi, ili mzao wa dada aliyerudi aje kuuawa na Daudi, kitukuu wa dada aliyefuata. Naona hapo ndipo hadithi ya kihistoria ya kidini ilipoanza kumwadhibu dada wa pili. Andiko lenyewe halikumlaumu kwa neno hata moja. Msimuliaji aliyekuja baadaye hakutosheka na kimya hicho, akamtafutia hatia. Ila mapokeo hayohayo yanasema pia kwamba Orpa alipewa wana wanne mashujaa kwa ajili ya machozi manne aliyomlilia mkwewe. Nampenda mwalimu yule, yeyote aliyekuwa, ambaye alikumbuka kuhesabu machozi.

Hoja yangu ni hii. Kuna mambo ambayo ni wajibu, na kuna mambo yanayozidi wajibu. Mtu anayelipa deni ametimiza wajibu. Anayelipa deni la jirani ametenda zaidi. Tukimsifu huyu wa pili hatuna haki ya kumwita wa kwanza mwizi. Ruthu alizidi wajibu. Hakuna sheria wala desturi iliyomtaka mjane kijana kumfuata mkwe asiye na kitu katika nchi ya ugeni. Kama ingekuwa wajibu, tendo lake lisingekuwa na uzuri ule tunaousifu. Basi Orpa, aliyemsindikiza Naomi, akalia, akakataa kurudi mara ya kwanza, na kurudi baada ya kuambiwa tena, hakuacha wajibu wowote. Alitii. Zaidi ya hayo, Naomi alipowaaga aliwaombea wote wawili fadhili za Mungu wake, huku akijua wanarudi Moabu kwenye miungu mingine. Kwa maneno mengine, Mungu wa Naomi hakuishia mpakani.

Naijua njia ya kurudi na njia ya kufuata kwa sababu nimekulia katika mji ambao watu wake wote wazima waliwahi kuchagua moja kati ya hizo mbili. Koboko iko karibu na mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana, na Wakakwa tuko katika nchi zote tatu. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909. Likapita mikononi mwa Sudan, na mwaka 1914 likaingizwa Uganda. Mzee wa siku hizo angeweza kutawaliwa na serikali tatu bila kuhamisha kinu chake. Kisha Idi Amin, ambaye watu wanamhesabu kuwa wetu, alianguka Aprili 1979, na jeshi lililokuja baada yake likaufanya mkoa mzima wa West Nile ulipe. Mwaka 1980 watu walivuka kwa maelfu na maelfu kuingia Sudan na Zaire. Waliobaki hawakuwa salama hata kanisani. Juni 1981 watu waliokuwa wamejificha katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo na askari wa serikali.

Nyanya yangu, mama yake mama, alivuka kwenda upande wa Yei akiwa na watoto wanne. Mdogo wake alibaki. Alikuwa ameolewa katika nyumba ya Kiislamu, akasilimu, na mumewe alipofariki alirudi kwa mama yao, ambaye wakati huo hakuweza tena kutembea. Kwetu hilo la dini si ajabu. Boma moja la Koboko linaweza kuwa na Mariamu wawili, mmoja wa Pasaka na mmoja wa Idi. Nyanya aliondoka usiku. Mdogo wake aliwafungia mzigo, akarudi ndani kwa mama.

Sasa tumwite mwandishi wetu wa riwaya. Nani hapa ni Ruthu? Nyanya aliendelea na safari, alishika imani yake, aliimba katika kwaya ya wakimbizi, alirudi na watoto wake wote wanne. Riwaya ingempa yeye ukurasa wa mwisho. Mdogo wake alirudi kwa mama yake na kwa dini nyingine, kama Orpa neno kwa neno. Lakini ni yeye aliyemng'ang'ania mwanamke mzee asiye na kitu, na ni yeye aliyehatarisha shingo yake. Alitenda tendo la Ruthu kwa kuishika njia ya Orpa. Kanuni ya riwaya, kwamba anayekwenda ndiye mwaminifu na anayebaki ndiye mwenye moyo unaoyumba, inavunjika palepale mlangoni kwa mama.

Wenzangu darasani wameniambia kwamba namtaka mwandishi afanye kazi ya hakimu, na kwamba wasomaji waliopoteza watu wao wanahitaji faraja. Nakubali wanahitaji faraja. Ninachokataa ni faraja inayolipwa kwa jina la mtu mwingine. Ili dada wawili wasameheane kwa machozi, lazima mmoja awe amekosa, na mwandishi anapokosa kosa hulibuni, na daima hulibandika kwa yule asiyekuwepo kujitetea: aliyebaki, aliyeolewa kwingine, aliyekufa mapema. Katika hadithi ya kubuni tupu hilo halina mdai. Katika hadithi ya kihistoria, mdai ana wajukuu, na wajukuu wanajua kusoma.

Kila mara Ruthu anaposomwa kanisani kwetu, nyanya huuliza kwa sauti ndogo kama mama yake Orpa alikuwa bado hai. Biblia haisemi. Mhubiri naye hasemi. Lakini sijasikia swali bora zaidi kuhusu sura ile, kwa sababu linampa Orpa mahali pa kufika. Kama mama alikuwa hai, basi kulikuwa na mlango, na mtu mzee nyuma ya mlango akisikiliza hatua.

Riwaya ya Koboko ikiandikwa siku moja, na natumaini itaandikwa kwa Kiswahili ingawa wengine hapa bado wanakiita lugha ya askari, sura ya kukutana tena itakuwa ngumu kuliko zote. Nyanya alirudi mwaka 1986. Mama yao alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Nilimuuliza kama walikumbatiana, nikijua nilichotaka kusikia. Akasema hapana. Mdogo wake alimwonyesha kaburi, wakasimama kidogo, mmoja akaomba kwa namna yake na mwingine kwa namna yake. Kisha wakaenda nyuma ya nyumba kuchimba mihogo iliyokuwa imebaki ardhini muda mrefu, migumu kama kuni, kwa sababu jua lilikuwa linazama na watoto hawakuwa wamekula tangu mpakani.