Aliyetekwa na Unga: Hukumu Yake na Dawa Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zangu Waislamu: heroini, hiyo tuiitayo unga, imeingia pwani yetu tangu miaka ya 1980. Na desturi yetu, tukimwona kijana aliyetekwa nayo, ni kumwambia, "Acha leo." Akishindwa, twasema hana imani, twamfukuza barazani na hata msikitini. Natulipime neno letu hili kwa mizani ya ilimu na ya sharia.

Mwenyezi Mungu ametia katika ubongo pahala pa raha na hamu. Mwenye njaa akila, au mzazi akimpakata mwanawe, hapo humwagika kidogo kitu kiitwacho dopamini, na ubongo hushika: jambo hili ni jema, lirudie. Unga huimwaga dopamini kupita kadiri. Ubongo ukizidiwa hujikinga, ukapunguza mapokeo yake, mithili ya mtu afungaye madirisha upepo ukizidi. Basi baada ya miaka, chakula hakina ladha, watoto hawamfurahishi, na unga wenyewe haumpi tena raha ya kwanza. Autumia ili asiumwe. Raha imekufa, hamu imebaki. Na sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo hatamu ya kujizuia, nayo hudhoofika. Ndiyo maana huapa asubuhi, na jioni akavunja kiapo.

Mtu atauliza: "Je, hana dhambi?" Anayo. Kileo ni haramu, na Imamu Ghazali ameihesabu akili katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda. Lakini dhambi hutakiwa toba, na maradhi hutakiwa dawa. Na huyu ahitaji yote mawili.

Tazameni Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii katika karne ya 10 ya Hijria. Aliulizwa juu ya mtu aliyezoea afyuni hata akawa akiikosa hufa. Akajibu kwamba, hilo likiwa yakini, ni wajibu aile ili aokoe roho, kama nyamafu kwa mwenye dharura. Na ni wajibu aipunguze kidogo kidogo mpaka mwili uiache. Asipopunguza, ni fasiki.

Wala mtu asilifanye jawabu hilo kuwa ruhusa ya kununua unga, kwani leo dawa ipo. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto, na tabibu ndiye apimaye kiasi na kupunguza kwa wakati wake. Na hapa kwetu Dodoma, Hospitali ya Mirembe hutibu maradhi haya.

Basi, ewe mzazi, usimpe mwanao fedha mkononi, wala usimfungie mlango. Mshike mkono umpeleke kwa tabibu, kisha umkalishe nawe safuni. Akianguka tena, mpeleke tena. Ubongo hupona, lakini kwa miezi na miaka, si kwa siku moja.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na vizazi vyetu. Amin.

Kizota, Dodoma