Je, Yafaa Kumlilia Sungura?

Watu wengi hucheka wakisikia kwamba nyumba fulani imehuzunika kwa kufa kwa sungura. Kwao sungura ni kitoweo tu: leo yumo kizimbani, kesho yumo chunguni. Wengine husema kwa ukali zaidi kwamba machozi ni haki ya wanadamu, tena ni vibaya kuyamwaga kwa ajili ya hayawani, hali jirani ana njaa. Neno hili si la kudharauliwa. Yafaa tulipime, maana watoto wetu hutuuliza habari yake, nasi yatupasa kuwa na jibu.

Kwanza tutenge sungura na sungura. Yule wa hadithi, amdanganyaye Fisi na kumshinda Simba, ni sungura wa mwituni. Watoto wake huzaliwa na manyoya yao, macho yamefunguka. Sungura wa kufugwa ni wa jamii nyingine. Asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, naye aliletwa kwetu na wageni. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, na mama yao hujing'oa manyoya ya kifuani ili kuwatandikia. Hana hila za hadithini, wala hana sauti ya kumwita mtu. Akiona hatari hupiga chini mguu wa nyuma, kuwaonya wenzake. Kiumbe wa namna hiyo akiwa mikononi mwetu, hana mtetezi ila sisi.

Nyumbani mwetu alikuwapo mmoja, mweupe, mwenye sikio moja jeusi, ambaye watoto walimwita Pamba. Alikaa nasi miaka sita. Asubuhi alipewa majani ya viazi vitamu; jioni, kizimba kilipofunguliwa, alitufuata barazani, akajilaza chini ya kiti hata sala ya jioni ikaisha. Mtoto wetu mdogo, ambaye mikono yake ilikuwa mizito kwa kila kitu, alijifunza kwake kushika kwa upole. Maana sungura akishikwa vibaya hurusha miguu kwa nguvu, na huweza kuvunjika mgongo. Samaki mkunje angali mbichi: mikono ile ile baadaye ilimbeba mdogo wake.

Ukaja mwaka wa ukame, tukawa twala mara moja kwa siku. Mgeni mmoja akatushauri tumchinje Pamba. Mama wa nyumba akajibu, "Siku watoto watakapokosa chakula, tutamchinja, wala hatutamlaumu Mungu. Lakini leo unga ungalipo, na huyu tumempa jina." Mvua zikanyesha kabla ya siku ile. Alipokufa kwa uzee, watoto walimzika chini ya mpera, wakalia, na majirani wakacheka.

Je, walikosea kulia? Tukumbuke Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi. Hakuanza kwa habari za vita wala za sheria, bali alimsimulia habari za mwana-kondoo wa maskini, aliyelelewa pamoja na watoto, akila chakula chao na kulala kifuani pa bwana wake. Kisha tajiri akamnyang'anya ili amwandalie mgeni. Daudi akawaka hasira. Kama kumpenda mnyama hivyo kungalikuwa upuzi, nabii asingaliufungua moyo wa mfalme kwa ufunguo huo. Tena tuangalie sana: tajiri yule hakuhukumiwa kwa kuwa kondoo amechinjwa, kwa maana watu wote wa Israeli walichinja kondoo. Alihukumiwa kwa kuwa alinyang'anya, wala hakuona huruma.

Lakini mtu atasema, "Huruma yenu itaishia kwa wanyama, na watu mtawasahau." Hatari hiyo ipo kweli. Aliye na maziwa ya paka, na hana uji wa yatima, amepotoka. Walakini si lazima iwe hivyo, na ushahidi twaupata kwa mtu ambaye tenzi zake huimbwa katika makanisa ya nchi nyingi, William Cowper wa Uingereza. Mwaka 1773 alishikwa na ugonjwa mzito wa huzuni. Mwaka uliofuata, katika mji mdogo wa Olney, alipewa mtoto wa sungura wa mwituni, kisha akaongezewa wengine, akalea watatu: Puss, Tiney na Bess. Kuwatunza kulimpa kazi ya mikono na faraja ya moyo. Puss alipougua, Cowper alimwuguza mpaka akapona, na mnyama yule akamramba mkono. Tiney hakufugika kamwe, akapiga kwa miguu kila aliyemgusa. Naye alitunzwa vile vile miaka yake yote. Puss alikufa mwaka 1786, akiwa karibu na umri wa miaka 12, na bwana wake akaiandika siku hiyo.

Basi moyo huo ulizaa nini? Mwaka 1788 Cowper huyo huyo alitunga mashairi ya kulaani biashara ya watumwa, iliyowatoa Waafrika makwao kama mizigo. Aliyejua kwamba sungura huumia hakuweza kunyamaza mtu alipofungwa minyororo. Huruma yake haikuisha kwa wanyama, bali iliendelea mpaka kwa watu.

Kwa hiyo twaona hivi. Mtu ni bora kuliko sungura, wala haifai kuwaweka sawa. Kumla mnyama kwa shukrani si dhambi. Lakini mnyama tuliyemfungia ndani, tukamzoeza mkono wetu, ametegemea ahadi yetu, ijapokuwa hakuisikia kwa maneno. Kumlilia akifa ni kukiri kwamba ahadi ile ilikuwa ya kweli.

Ndugu msomaji, mtoto wako akimlilia sungura wake, usimcheke, wala usimwambie, "Ni mnyama tu." Mwache amzike. Kisha umpe mtungi, umtume kwa bibi kizee asiye na mtu wa kumtekea maji, ili moyo uliolainika leo upate kazi kabla haujakauka.