Nani Anatembea Ndani ya Kompyuta?

Tarehe 3 Desemba 2018, Kaunti ya Nairobi ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya jiji. Abiria wakashushwa pembeni, wakamalizia safari kwa miguu: wazee, wajawazito, wenye mizigo. Kabla wiki haijaisha, Gavana Sonko alikuwa ameshaisitisha amri.

Kwamba tao kuna jam, hatubishani. Sisi wa Buruburu tunaopanda 58 tunaijua vizuri. Swali langu ni la haki: ni sawa kujaribu mpango juu ya miguu ya watu, wakati mpango kama huo unaweza kujaribiwa kwenye kompyuta?

Mbinu hiyo inaitwa simulesheni. Unaingiza saa ambazo abiria hufika steji, dakika ambazo gari huchukua kujaa, na umbali wa kutembea. Kisha unabadilisha jambo moja na kuiendesha asubuhi ileile mara elfu. Foleni ikifurika, hakuna aliyefutwa kazi. Hata data ya kuanzia ipo: mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130. Wanafunzi walipanda matatu simu mkononi, wakirekodi kila steji.

Kwa hivyo naona kujaribu kwanza ni wajibu. Lakini tusidanganyane kwamba kompyuta itatuamulia.

Tuseme abiria ni 100. Mpango wa kwanza unaokolea kila mtu dakika 3. Wa pili unaokolea watu 90 dakika 5 kila mmoja, na kuwapotezea 10 waliobaki dakika 10 kila mmoja. Piga hesabu: wastani wa mpango wa pili ni dakika 3.5. Umeshinda. Sasa uliza hao kumi ni akina nani. Mara nyingi ni mama anayetoka Muthurwa na gunia la sukuma, au jamaa wa magongo. Ndani ya mashine, wote ni nukta zinazotembea kwa kasi moja, isipokuwa mtu aamue kuwapa kasi yao.

Uamuzi huo si wa hesabu. Ni wa maadili, na hufanywa kabla mashine haijawashwa, na yule anayechagua cha kuhesabu. Ndio maana nataka watu wa steji wawe kwenye hicho chumba wakati maswali yanaandikwa. Wakiitwa baadaye, wataonyeshwa tu grafu.