Mbwa Mwenye Jina Baya



Mkristo mmoja wa hapa Mbinga ametuletea swali, nasi twaona si la mtu mmoja tu. Mkandarasi aliyekodi ghala karibu na kwake alileta mbwa kutoka Dar es Salaam ili alinde kahawa usiku. Ni mbwa mwenye kichwa kipana, kifua kama cha ndama na taya nene, wa aina ile ambayo watu wa mjini huiita pitibulu. Kazi ilipokwisha mkandarasi aliondoka, mbwa akabaki. Ndugu yetu amekuwa akimtupia ukoko wa ugali, na sasa mbwa amekwisha kuijua sauti yake. Anataka kumchukua awe wake. Majirani wanakataa. Wanasema mbwa wa namna hiyo ni muuaji, afadhali apigwe risasi mapema. Anauliza: Je, kumchukua ni huruma au ni upumbavu? Na Mkristo ana haki gani ya kuleta hofu mlangoni pa mwenzake?

Mijini pana mahali pa kupeleka shauri kama hili. Nairobi wanacho chama chao, KSPCA, ambacho hupokea mbwa walioachwa na kuwatafutia nyumba, na anayetaka kumchukua mmoja huulizwa kwanza habari za ua wake. Kwetu hapa milimani, kama huko ziwani Mbamba Bay, Liuli na Lundu, mbwa aliyeachwa huwa wa kijiji kizima, maana yake si wa mtu. Hula jalalani, hupigwa mawe na watoto, na siku akiuma mtu hapatikani wa kujibu.

Tuanze na majirani, kwa kuwa hoja yao ni ya zamani na ina methali yake: mtoto wa nyoka ni nyoka. Twaitumia methali hii kwa wepesi mno, wala si kwa wanyama tu. Kijana hunyimwa mchumba kwa kuwa babu yake alishtakiwa wizi. Mama mzee hunyoshewa kidole mtoto wa jirani akifa, kwa kuwa shangazi yake naye alisemwa. Basi yafaa tukumbuke kwamba Waisraeli nao walikuwa na methali ya namna hii, ya baba waliokula zabibu mbichi na watoto walioona ganzi ya meno, na Mungu kwa kinywa cha Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakataza kuitumia tena. Si mara nyingi katika Maandiko methali inapigwa marufuku. Kila mtu ahukumiwe kwa njia yake mwenyewe.

Atasema mtu kwamba mbwa si mtu, na hapo asema kweli. Hakuna aliyewachagulia babu zetu wachumba ili wazae wezi. Lakini mbwa hawa walichaguliwa. Uingereza ya zamani watu walifanya mchezo wa kumfunga fahali kwenye kigingi na kumwachia mbwa wamng'ate. Mwaka 1835 sheria iliukataza mchezo huo, na watu wengine wakageukia kupiganisha mbwa kwa mbwa, kwa siri. Kwa kazi hiyo walichanganya mbwa wa kumshika fahali na mbwa wadogo wepesi wa kuwinda, wakachagua wale wasioachia. Wahamiaji wakawachukua hadi Marekani. Mbwa wa ghala letu, kama kweli ni wa ukoo huo, hakujichagulia taya zake. Ni dhambi ya wanadamu iliyopewa miguu minne.

Lakini je, ukoo huo watosha kumhukumu? Serikali ya Uingereza ilijibu ndiyo. Kwa sheria ya mwaka 1991 ilikataza aina nne za mbwa, pitibulu akiwa mmojawapo, na mbwa hupimwa kwa umbo lake: kichwa, kifua, miguu. Mahakama moja ya Marekani ilijibu kwa njia nyingine. Mwaka 2007 mchezaji mashuhuri wa kandanda ya Kimarekani, Michael Vick, alikiri kosa katika kesi ya kupiganisha mbwa, na mbwa wapatao 50 walichukuliwa kwake huko Virginia. Wengi walidhani hapana njia ila kuwaua wote. Mahakama iliagiza wachunguzwe mmoja mmoja. Zaidi ya 40 walikabidhiwa kwa vituo na watu wa kuwatunza, na baadhi yao wakaja kukaa katika nyumba zenye watoto. Tena mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mbwa zaidi ya 18,000. Waliona kwamba aina ya mbwa hueleza kama sehemu 9 tu katika 100 za tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Zilizobaki zatoka mahali pengine, na bila shaka malezi yamo.

Basi mwenye kumtetea mbwa asifurahi upesi. Uchunguzi ule wasema habari za tabia, hausemi habari za meno. Mbwa wetu wa kienyeji, yule mwembamba anayefukuza nyani shambani, akikosa adabu siku moja atamwachia mtoto kovu la mguu. Mbwa mwenye taya zile akikosa adabu siku moja, huenda pasiwe na mtoto wa kuonyesha kovu. Hata kama wote wawili hukosa adabu kwa nadra ileile, hasara si ileile. Mtu mwenye manati na mtu mwenye bunduki waweza kuwa wapole sawasawa, lakini twamtaka mmoja wao awe na sanduku lenye kufuli.

Naona jibu letu limo katika Torati, mahali ambapo hatupatazami kwa kuwa twadhani ni habari za ng'ombe tu. Someni Kutoka 21, aya ya 28 na 29. Fahali akimpiga mtu pembe hata akafa, fahali auawe, na mwenyewe hana hatia. Lakini kama fahali huyo alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumzuia, basi hatia yamrudia mwenye fahali, tena hatia ya kifo. Angalieni mambo ambayo sheria hii haiulizi. Haiulizi fahali huyu ni wa kabila gani wala mama yake alikuwa nani. Huuliza: Ametenda nini? Na mwenyewe alijua nini?

Kwa hiyo jina baya la mbwa huyu lina kazi mbili, nasi tumezichanganya. Juu ya mbwa, jina hilo si ushahidi. Hatujasikia kwamba amemuuma mtu hapa Mbinga, na kumpiga risasi kwa ajili ya kichwa kipana ni kumwadhibu kwa makosa ya mbwa wengine, waliofundishwa na watu wengine. Lakini juu ya ndugu yetu jina hilo ni onyo, nalo limekwisha kutolewa. Mtu aliyechukua mbwa wa kawaida aweza kusema sikujua. Yeye hawezi. Siku anapomfunga kamba shingoni na kumwongoza kwake, anajiweka mahali pa yule mwenye fahali aliyeambiwa mbele ya mashahidi. Twasema hivi si ili kumtisha. Huruma isiyo na gharama kwa mwenye kuhurumia ni rahisi sana, kwa kuwa gharama hulipwa na mtoto wa jirani anayepita njiani kwenda shule.

Na gharama yenyewe ni ipi? Kwanza ua. Nyumba zetu hazina kuta za Dar es Salaam. Njia ya watu wote hupita kati ya mibuni na jiko la mtu. Ua wa mabua hautoshi. Wala haifai kumfunga mnyororo mchana kutwa, maana mbwa aliyefungwa daima huzidi ukali. Ahitaji banda imara lenye mlango, na saa za kutembezwa kwa kamba mkononi mwa mtu mzima. Pili chakula cha kweli, asilazimike kwenda kutafuta. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo yamdai mwenye mnyama amtunze. Tatu kuhasiwa, tusije kuwa na watoto wake kumi wasio na mwenyewe.

Nne ni chanjo, na hapa sisemi na ndugu yetu peke yake. Kichaa cha mbwa hakichagui aina. Mbwa mpole wa kienyeji akipata kichaa ni hatari kuliko mkali aliyechanjwa, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa ugonjwa hukosa njia. Kisiwani Pemba ulikomeshwa mwaka 2018 kwa kuchanja mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji ya kumiminika dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya sindano haipatikani kila zahanati, na kutoka vijiji vya ziwani safari yaweza kuwa ndefu. Nastaajabu kidogo kwamba wanaotaka mbwa huyu apigwe risasi, wengi wao mbwa wao wenyewe hawajapata kuona sindano.

Limebaki jambo zito. Ndugu yetu anasema kati ya majirani yumo mama mwenye watoto wadogo watatu, naye amekataa kabisa. Je, woga wake ukiwa na makosa, bado una haki? Nadhani unayo. Yeye hakuomba kuonja huruma hii, wala hawezi kuhamisha nyumba yake. Lakini si haki pia akatae kitu asichokiona. Kwa hiyo ndugu yetu ajenge banda kwanza, mbwa achanjwe, na mwenyekiti wa kitongoji apate habari. Kisha amwite mama yule, yeye na mumewe, waje wautikise mlango wa banda kwa mikono yao. Aseme mbele yao atafanya nini mbwa akiuma, na kwamba mbwa atauawa akimdhuru mtoto, bila ubishi. Mama akiridhika, vema. Akizidi kukataa, basi mbwa atafutiwe mahali pengine, kwenye shamba lenye ukuta na mlinzi, na ndugu yetu ndiye atoe nauli ya kumpeleka na chakula cha mwezi wa kwanza.